Wiki moja nusu kwa nusu: kubandika viraka kwenye klasta ya hifadhidata mjini Lubumbashi

Usuli

Taasisi inayozungumziwa hapa ni ya akiba na mikopo, yenye makao Lubumbashi na matawi Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa na Kinshasa. Jina lake, majina ya wahusika na tarehe kamili vimeondolewa. Mwandishi alikuwa mmoja wa wasimamizi wawili wa hifadhidata waliofanya kazi hiyo, kwa hiyo makosa yatakayotajwa ni yake pia.

Mfumo wenyewe ulikuwa Oracle 19c katika klasta ya nodi mbili. Kila nodi ni sava kamili yenye kumbukumbu na vichakataji vyake, lakini zote mbili hufungua faili zile zile zilizoko kwenye diski za pamoja, na watumiaji huweza kuhudumiwa na yoyote kati yake. Chini ya hifadhidata kuna programu ya klasta, ambayo husimamia diski hizo na kuangalia kila sekunde kama nodi zinasikilizana kupitia mtandao wao wa ndani. Zikipotezana, diski tatu za kura ndizo zinazoamua ni ipi ibaki na ipi ifukuzwe, ili zisije zikaandika juu ya data moja kila moja kwa akili yake.

Msomaji ashike hesabu hii, kwa sababu kisa chote kinaizunguka. Kila nodi ina makazi mawili ya programu, yaani folda ambamo faili za programu hukaa: ya klasta na ya hifadhidata. Nodi mbili zina makazi manne, na kila moja lina nakala yake ya kubandikwa. Lakini kamusi ya ndani ya hifadhidata, yaani majedwali na taratibu ambazo programu yenyewe huzitegemea, ni moja tu, nayo imo kwenye diski za pamoja. Kiraka, yaani marekebisho ya programu yanayotolewa na mtengenezaji, kina nusu mbili: nusu inayoingia katika makazi hayo manne, na nusu inayoingia katika kamusi kupitia chombo kiitwacho datapatch. Nusu ya kwanza huonekana, kwa maana nodi huzimwa na kuwashwa watu wakitazama. Nusu ya pili ni amri moja inayoandikwa usiku wa manane, wakati ambapo kila mtu amekwisha kuvaa koti.

Mtengenezaji hutoa furushi la viraka mara nne kwa mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila furushi hubeba ndani yake yaliyotangulia. Sisi tulikuwa tumeruka mafurushi matano. Sababu haikuwa uvivu tu. Kila robo mwaka ilikuta jambo lake: kufunga hesabu, kuhamisha chumba cha sava, mfanyakazi kuacha kazi. Wakaguzi walipoandika kwamba mfumo unaobeba akiba za watu una mapengo ya usalama ambayo dawa yake imekwisha kutolewa, hatukuwa na la kujibu.

Maandalizi

Mpango ulikuwa kubandika kwa zamu: nodi ya kwanza izimwe na kubandikwa huku ya pili ikihudumia, kisha zibadilishane. Wateja wasione kitu. Tulichagua Jumamosi saa 4:00 usiku, katikati ya mwezi, mbali na siku ambazo mishahara ya wafanyakazi wa migodi hupitia kwetu.

Furushi lilikuwa na gigabaiti kadhaa, na kwa laini yetu lilichukua usiku mbili kushuka. Tulilinganisha alama yake ya uthibitisho na ile iliyotolewa na mtengenezaji, hatua ambayo wengi huiruka hadi siku faili iliyokatika njiani itakapowaumbua. Tulibadilisha pia chombo cha kubandikia viraka, OPatch, katika makazi yote manne, kwa kuwa furushi jipya hukataa kubandikwa na toleo la zamani la chombo hicho. Nakala rudufu ya hifadhidata ilichukuliwa Jumamosi mchana, na makazi ya programu yakafungashwa kando.

Majaribio yalifanyika kwenye sava ya mazoezi na yalipita bila kikwazo. Sava hiyo, hata hivyo, ilikuwa moja, haikuwa na klasta, na haikuwa na diski za pamoja. Tulijaribu kiraka, zamu hatukuijaribu. Jambo hili tulilijua na tulilinyamazia, kwa sababu nodi ya pili ya mazoezi ilikuwa imeombwa kwenye bajeti mara mbili na kukataliwa, na hakuna aliyetaka kuomba mara ya tatu.

Chombo cha opatchauto kina namna ya kuchunguza bila kubandika: hukagua migongano na viraka vilivyomo, nafasi ya diski, na hali ya makazi. Uchunguzi huo tuliufanya Ijumaa kwenye nodi ya kwanza, ukatoka safi. Kwenye nodi ya pili hatukuufanya. Hoja yetu ilikuwa kwamba nodi hizo ni pacha.

Usiku wa kwanza

Saa 4:00 usiku tulianza kuhamisha huduma. Kila huduma ilikuwa imepewa dakika tano za kukamilisha miamala iliyokuwa mikononi mwake kabla ya kufungwa. Wengi walihama bila kujua. Waliojua ni watunza fedha wawili wa Kinshasa waliokuwa bado wanafunga hesabu za siku: tangazo letu lilisema saa 4:00 bila kusema ya wapi, na Lubumbashi ikitimia saa 4:00, Kinshasa ni saa 3:00. Mtu aliyekulia katika nchi yenye saa mbili tofauti hana udhuru wa kusahau jambo hilo, lakini tulisahau.

Saa 4:10 nodi ya kwanza ilishuka. Saa 4:20 wakala wa Kasumbalesa, ambako mpakani madereva wa malori hawalali mapema, alipiga simu: «Papa, pesa ya simu haipiti tena. Watu wako wengi hapa.» Matawi yalikuwa yanafanya kazi kama kawaida, lililosimama ni lango la pesa za simu peke yake.

Uchunguzi ulichukua dakika ishirini. Mifumo mingine yote ilikuwa imeelekezwa kwenye jina la pamoja la klasta, ambalo humpeleka mtumiaji kwenye nodi yoyote iliyo hai. Lango hilo, lililofungwa na kampuni ya nje miaka mitatu kabla, lilikuwa limeandikiwa anwani halisi ya nodi ya kwanza. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeligundua, kwa sababu kwa miaka mitatu nodi ya kwanza haikuwahi kuzimwa kwa muda mrefu. Fundi wa zamu wa kampuni ile alikubali kuielekeza anwani kwenye nodi ya pili kwa muda, akatuambia kwamba kuweka jina la pamoja kungehitaji idhini ya mkubwa wake, ambayo isingepatikana kabla ya Jumatatu. Pesa zikaanza kupita saa 4:48.

Wakati huo opatchauto ilikuwa inaendelea na kazi yake: ilisimamisha klasta kwenye nodi ile, ikabandika makazi ya klasta, ikabandika ya hifadhidata, ikawasha upya. Saa 5:25 nodi ya kwanza ilirudi. Orodha ya viraka katika makazi yake mawili ilikuwa sahihi, na klasta ilipoulizwa hali yake ilijibu kwa maneno ROLLING PATCH, yaani iko katikati ya zamu. Hilo ndilo jibu linalotarajiwa, na litabaki hivyo mpaka nodi zote zifikie kiwango kimoja.

Saa 5:50 tulifanya uchunguzi kwenye nodi ya pili, ambao ungepaswa kuwa umefanyika Ijumaa. Ukakataa. Sehemu ya diski yenye makazi ya programu ilikuwa imebakiwa na GB 6 tu, ilhali pacha wake alikuwa na zaidi ya GB 40. Nodi ya pili ndiyo iliyokuwa ikipokea kazi za usiku, na kazi hizo zilikuwa zimeacha maelfu ya faili za ufuatiliaji ambazo hakuna aliyezifuta.

Hapo mwenzangu mdogo alitafuta folda kubwa kuliko zote ndani ya makazi ya hifadhidata, akaipata. «Yaya, hii .patch_storage peke yake inatosha. Niifute?» Nilimkatalia, na nadhani hilo ndilo neno la maana zaidi nililosema usiku ule. Folda hiyo huhifadhi vipande vya programu vilivyoondolewa na viraka vya awali. Bila hiyo, kiraka hakiwezi kung'olewa. Kuifuta kwa mkono saa chache kabla ya kubandika ni kuvunja daraja la kurudia wakati bado unavuka. Tukaanza njia ndefu: kufuta faili za zamani za ufuatiliaji kwa chombo chake rasmi, na kuhamishia kwingine faili ya kumbukumbu ya msikilizaji wa mtandao, ambayo peke yake ilikuwa imevimba kupita kiasi.

Saa 6:40 umeme wa mji ulikatika. Delestaje, mgao wa umeme, si habari mpya kwetu. Onduleri (betri za dharura, UPS) zilishika, na grupu, yaani jenereta, ikawaka baada ya sekunde chache. Ila onduleri moja, inayolisha kabati la nodi ya kwanza, ilipiga kengele kwamba betri zake zimechoka.

Uamuzi wa saa 6:55

Nafasi ilikuwa imepatikana kwenye nodi ya pili. Kiufundi tungeweza kuendelea. Tuliandika njia tatu kwenye ubao.

Njia ya kwanza ilikuwa kuendelea. Kwa takriban dakika sabini mfumo wote ungekaa juu ya nodi ya kwanza peke yake: nodi iliyobandikwa saa moja na nusu kabla, kwa furushi ambalo halijawahi kujaribiwa kwenye klasta, ikilishwa na grupu kupitia onduleri yenye betri mbovu. Grupu ikikohoa, nodi ya kwanza inazimika, na ya pili iko mezani imefunguliwa tumbo. Kama kuna namna ya kuipoteza klasta nzima, ni hiyo. Aidha lango la pesa za simu sasa lilitazama nodi ya pili, na fundi wa kuligeuza alikuwa amekwisha kuaga.

Njia ya pili ilikuwa kurudi nyuma, yaani kung'oa viraka kwenye nodi ya kwanza. Ingechukua muda karibu sawa na wa kubandika, nodi hiyo hiyo ingezimwa tena chini ya umeme ule ule, na kesho tungekuwa pale pale tulipoanzia, tukiwa na mafurushi matano tuliyoyaruka na usiku mmoja uliopotea. Hatukuwa na dalili yoyote ya ubaya wa kiraka. Kung'oa kitu kizuri kwa sababu ya hofu ya umeme hakukuwa na mantiki.

Njia ya tatu ilikuwa kusimama hapo: nodi moja mpya, moja ya zamani, mpaka Jumamosi ifuatayo. Mtengenezaji anairuhusu hali hiyo, kwa kuwa bila hiyo kubandika kwa zamu kusingewezekana kabisa, lakini anaikusudia iwe ya kupita, si ya kukaa. Klasta iliyo katikati ya zamu huhudumia watumiaji kama kawaida, ila mabadiliko ya muundo wake huzuiwa, likiwemo la kuongeza diski kwenye makundi ya hifadhi. Nayo nusu ya pili ya kiraka, ile ya kamusi, haipaswi kuendeshwa mpaka makazi yote yawe yamebandikwa.

Tulimpigia simu mkurugenzi wa teknolojia, tukamwamsha. «Mama, tunaomba tusimame hapa. Tukiendelea, tunacheza na nodi ya mwisho.» Aliuliza swali moja tu: ni nini hatutaweza kufanya wiki hii? Swali hilo lilikuwa bora kuliko mpango wetu wote, kwa sababu hatukuwa na jibu lililoandikwa. Tulikaa mpaka saa 8:00 usiku tukiliandika: hakuna kuongeza wala kuondoa diski, hakuna kubadilisha mipangilio ya klasta, hakuna kuendesha datapatch, hakuna kuwasha upya nodi yoyote bila wasimamizi wote wawili kujua. Karatasi ikabandikwa mlangoni mwa chumba cha sava.

Wiki ya katikati

Siku tatu za kwanza hazikuwa na jambo. Siku ya Jumatano eneo la kumbukumbu za miamala lilifikia asilimia 91, kwa sababu kazi ya kunakili iliyokuwa ikilisafisha ilikuwa imefungwa Jumamosi na hakuna aliyeifungua tena. Fundi wa hifadhi, ambaye hakuwepo usiku ule, alikuja na diski mpya mkononi akitaka kuiongeza kama afanyavyo siku zote. Aliikuta karatasi mlangoni. Eneo likijaa, hifadhidata nzima husimama ikisubiri nafasi. Kwa hiyo tulinakili kumbukumbu zile nje kwa RMAN, chombo cha Oracle cha nakala rudufu, tukafuta zilizokwisha kunakiliwa, na tukaifungua ile kazi iliyosahauliwa. Ijumaa betri za onduleri zilibadilishwa, na lango la pesa za simu likapewa jina la pamoja.

Usiku wa pili na matokeo

Jumamosi ya pili haina mengi ya kusimulia. Tangazo lilitaja saa ya Lubumbashi na ya Kinshasa. Uchunguzi wa nodi ya pili ulikuwa umefanyika Alhamisi. Nodi ilibandikwa kwa dakika sitini na tano, klasta ikajibu NORMAL, datapatch ikaendeshwa mara moja kutoka nodi moja, ikamaliza bila kosa. Tulituma ripoti ya mafanikio kabla ya saa 8:00 usiku, na mimi ndiye niliyeisaini.

Wiki tatu baadaye wakaguzi walirudi, wakaomba kuona mikopo ya miaka ya nyuma. Mikopo hiyo ilikuwa katika hifadhidata ndogo ya tatu kati ya zilizomo ndani ya hifadhidata mama, ambayo kwa desturi hufungwa na kufunguliwa mara moja au mbili kwa mwaka. Ilifunguka, lakini katika hali ya vizuizi: msimamizi aliingia, mkaguzi akakataliwa. Jedwali la ukiukaji lilieleza wazi kwamba mama ana furushi jipya na mtoto hana. Chombo cha datapatch hubandika tu hifadhidata ndogo zilizofunguliwa. Ile iliyofungwa iliipita kimya, na katika ripoti yake ndefu iliorodhesha ilizozishughulikia bila kupaza sauti juu ya ile isiyokuwemo. Tuliiendesha tena kwa ajili ya hifadhidata hiyo peke yake, tukaifunga na kuifungua, na baada ya dakika kumi na mbili mkaguzi aliingia. Data haikupotea wala kuharibika. Aibu ilikuwa kwamba waliogundua ni wale wale waliotuandikia mara ya kwanza.

Uchambuzi

Kusimama usiku wa kwanza kulikuwa sahihi, na ningefanya hivyo tena. Lakini ni lazima isemwe kwamba njia ya tatu ilipatikana kwa bahati, haikuwa imepangwa. Mpango wetu ulijua hali mbili tu, kabla na baada. Yeyote anayebandika klasta kwa zamu anachagua, apende asipende, kupita katika hali ya tatu, na hali hiyo ina masharti yake. Kama karatasi ya makatazo ingeandikwa kabla, kazi ya kunakili ingekuwa ndani yake, na Jumatano isingetokea. Karatasi ilituokoa na diski mpya; haikutuokoa na kile ambacho hatukukikumbuka saa 7 usiku.

Uchunguzi wa nodi moja ulikuwa kosa la kudhani. Nodi za klasta hufanana siku ya kufungwa tu. Tangu siku hiyo kila moja huishi maisha yake: hii hupokea kazi za usiku, ile hupokea watumiaji wa mchana, na tofauti hujilimbikiza mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Kesi ya lango la pesa za simu ni ya jamii hiyo hiyo. Tulikuwa tumelipia nodi mbili kwa miaka mitatu huku huduma moja ikiishi kana kwamba nodi ni moja. Ukweli huo ungeonekana kwa kuizima nodi ya kwanza kwa makusudi dakika kumi mchana wa Jumapili yoyote, zoezi ambalo halihitaji kiraka wala bajeti.

Kuhusu hifadhidata iliyofungwa, tatizo halikuwa ujinga. Wote wawili tulijua tabia ya datapatch. Tatizo ni kwamba kipimo chetu cha kumaliza kilikuwa neno NORMAL, na neno hilo huhusu makazi manne. Kamusi halizungumzii. Tulipoliona tulipumua, na baada ya hapo datapatch ikawa kama kufagia baada ya sherehe. Sasa ripoti haisainiwi mpaka hifadhidata zote ndogo zifunguliwe, zile za kumbukumbu zikiwemo, na jedwali la dba_registry_sqlpatch, linaloonyesha viraka vilivyoingia katika kamusi, lisomwe katika kila moja.

Nodi ya pili ya mazoezi iliombwa kwa mara ya tatu, kisa hiki kikiwa kiambatisho, na ikakubaliwa. Tunataka pia kuacha kubandika ndani ya makazi yanayotumika, na badala yake kuandaa makazi mapya pembeni, yakiwa tayari na viraka, kisha nodi ihamie humo. Kuzimwa kwake huwa kufupi, na kurudi nyuma ni kuhamia tena makazi ya zamani. Njia hiyo hutaka nafasi ya makazi mawili zaidi kwenye kila nodi. Diski zimeagizwa. Furushi lijalo huenda likatoka kabla hazijafika, na likitoka, tutabandika kama zamani, Jumamosi, grupu ikiwa imejazwa mafuta.